Jinsi ya kupima kasi ya damu kurudi kwenye kucha: mwongozo kwa anayeanza

Kila nikimaliza kufundisha huduma ya kwanza, maswali yanayonifuata hadi getini ni yale yale. Nibonyeze kwa nguvu kiasi gani? Nianze kuhesabu lini? Ngozi yake ni nyeusi, nitaonaje? Mbona mara ya kwanza nimepata 2 na mara ya pili 4? Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa miaka mingi. Leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa ajili ya mzazi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwanafunzi wa uuguzi aliyeingia wodini wiki hii, na dereva wa bodaboda ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kufika kwenye ajali.

Kipimo chenyewe ni hiki: unabonyeza kucha mpaka nyama ya chini yake iwe nyeupe, unaachia, kisha unahesabu inachukua sekunde ngapi rangi kurudi. Kwenye faili la mgonjwa utaona kimeandikwa CRT, kifupi cha Kiingereza cha capillary refill time, yaani muda wa damu kurudi kwenye mishipa midogo. Mwili ukipungukiwa damu au maji, au moyo ukishindwa kusukuma, mishipa ya mikono na miguu hubanwa ili damu iliyopo iende kwanza kwenye ubongo na moyo. Kidole ndicho kinachonyimwa mapema, kwa hiyo kidole ndicho kinachosema mapema. Kwa mtoto hasa, kinaweza kusema wakati presha bado haijashuka. Hali hiyo ya damu kutofika inakotakiwa, wahudumu huiita shoku. Wengine husema mshtuko, lakini mtu wa kawaida akisikia mshtuko anamfikiria aliyepokea habari mbaya akazimia, kwa hiyo hapa nitatumia shoku.

Nadharia inatosha hapo.

Kabla hujaanza

Andaa hivi:

- Mwanga wa kutosha. Msogeze mgonjwa dirishani au mlangoni ikiwezekana. Mwanga wa kibatari una unjano unaoficha rangi. Tochi ya simu inafaa, ila imulike kutoka pembeni, kwa sababu ukiimulika kucha moja kwa moja inang'aa na huoni kitu.
- Saa yenye mshale wa sekunde. Ukikosa, hesabu kwa sauti: "elfu moja, elfu mbili, elfu tatu." Neno "elfu" linakuzuia usikimbie. Jaribu kwanza mbele ya saa ya ukutani uone kama kasi yako inalingana nayo.
- Kitu cha kumpasha joto: kitenge, blanketi, soksi, au maji ya uvuguvugu ya kumfuta mkono na kumkausha.
- Pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha.
- Glavu, kama kuna damu.
- Kalamu na kipande cha karatasi. Wengi hukiacha hiki, na ndicho kinachokipa kipimo maana. Nitaeleza mbele.

Mikono yako nayo iwe na joto. Umetoka kunawa kwa maji ya baridi? Isugue kwanza.

Onyo kabla ya hatua ya kwanza. Mtu asiyepumua, anayetokwa damu nyingi, au aliyepoteza fahamu, usianze na kucha zake. Hakikisha njia ya hewa iko wazi, angalia kama anapumua, kandamiza jeraha linalovuja. Kucha inasubiri. Nimeona watu wawili wameinamia kidole cha majeruhi huku damu ikichuruzika nyuma ya paja lake bila mtu kuiona.

Hatua

1. Mtazame mgonjwa mzima. Sekunde 5 tu. Anakuangalia? Anajibu? Midomo ina rangi gani? Mtoto ananyonya au amelegea? Unachokiona hapa kitakusaidia kuamua kama namba utakayopata inaaminika.

2. Mlaze au mkalishe atulie, na kiganja chake kiwe usawa wa moyo au juu yake kidogo. Mtoto apakatwe na mama yake, usimlaze peke yake juu ya meza akaanza kulia. Suala la usawa wa moyo si mapambo. Mkono ukining'inia kando ya kitanda, damu ya kwenye vena inashuka na kujaza kidole kwa uzito wake. Kucha itakuwa nyekundu haraka hata kama moyo hausukumi vizuri, na wewe utaondoka umeridhika bure.

3. Chagua mahali pa kubonyeza. Kwa mtu mzima, tumia kucha ya kidole cha shahada au cha kati. Kwa mtoto, kucha ya kidole gumba cha mkono au ya dole gumba la mguu. Kwa mtoto mchanga kucha ni ndogo mno, bonyeza katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari. Usitumie mkono uliofungwa mpira wa dripu au mkanda wa presha uliojazwa hewa, wala mkono au mguu uliovunjika, isipokuwa kama huo mguu wenyewe ndio unaouchunguza.

4. Kabla ya kubonyeza, pima joto kwa mgongo wa mkono wako. Anzia kwenye vidole vya mguu, panda polepole: unyayo, kifundo, muundi, goti. Kuna mahali baridi itaisha na joto litaanza. Kumbuka ni wapi. Kwa mtu mwenye afya ndani ya chumba chenye joto, huenda usiupate mpaka huo kabisa. Kwa mtoto aliye kwenye shoku unaweza kukuta mguu wa baridi mpaka karibu na goti huku tumbo linachoma kwa homa. Ukigusa mguu wa namna hiyo mara moja, mkono wako hausahau.

5. Bonyeza mpaka nyama ya chini ya kucha iwe nyeupe, kisha shikilia sekunde 5. Tumia kidole gumba chako juu ya kucha na kidole chako kingine chini yake. Nguvu inayohitajika ni ile inayotosha kufukuza rangi, basi. Ukiona kucha yako mwenyewe imekuwa nyeupe kwa kukaza, umezidisha. Mgonjwa hatakiwi kukunja uso.

Utakuta mafunzo mengine yanasema sekunde 3, na baadhi ya watafiti wameshikilia hata 10. Mimi nafundisha 5. Ubaya ni kubadilisha kila siku: ukibonyeza sekunde 2 asubuhi na 8 jioni, huwezi kulinganisha namba zako.

6. Achia ghafla, na hapo hapo anza kuhesabu. Usiachie taratibu kama anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Ukiachia polepole damu inaanza kuingia kabla hujaanza hesabu.

7. Simamisha hesabu rangi inaporudi kamili. Hapa ndipo wengi wanakosea. Rangi hairudi kwa mkupuo. Kwanza unatokea wekundu hafifu, kisha unakolea, kisha unalingana na kucha ya pembeni. Anayeanza husimama kwenye ule wekundu wa kwanza, akasema "sekunde 1, mzima." Tumia kidole cha jirani ambacho hukukibonyeza kama kipimo cha rangi: vikishafanana, simama.

8. Rudia mara mbili zaidi, ukiacha dakika moja hivi katikati. Namba zikikaribiana, chukua ile ya kati. Zikitofautiana sana, rudi hatua ya 2, maana kuna kitu umekibadilisha bila kujua.

9. Shika mpigo. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Kwa mtoto mdogo, upande wa ndani wa mkono wa juu, kati ya kwapa na kiwiko. Una nguvu, au unautafuta ukipotea? Unakwenda kasi?

10. Andika. Mfano: "Saa 4:10 asubuhi. Gumba la mkono wa kulia. Sekunde 4. Miguu ya baridi mpaka juu ya kifundo. Mpigo dhaifu, wa kasi." Mstari huo mmoja ukimfikia daktari wa zamu, una faida kuliko karatasi nzima iliyoandikwa "hali si nzuri." Na ukipima tena saa 4:40 ukapata 5, umeshajua anaelekea wapi.

Kusoma namba uliyopata

Chini ya sekunde 2, kwa mtoto au mtu mzima aliye kwenye chumba chenye joto, ni kawaida. Kati ya 2 na 3, mpashe joto, sogea kwenye mwanga, rudia. Zaidi ya 3 ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Mtoto mchanga hufika 3 akiwa salama.

Kuhusu wazee, kuwa mwangalifu. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Schriger na Baraff, walipima watu wenye afya wa rika mbalimbali. Mpaka wa juu wa kawaida ulikuwa karibu sekunde 2 kwa watoto na wanaume wazima, 2.9 kwa wanawake, na 4.5 kwa wazee. Kwa hiyo bibi wa miaka 75 mwenye sekunde 4, anayepiga soga na kudai chai yake, usimkimbize kwenye gari kwa sababu ya kucha peke yake. Kijana wa miaka 20 mwenye sekunde 4 baada ya pikipiki kugonga ukingo wa barabara, huyo mkimbize.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuchambua watoto wanaofika hospitali wakiwa hoi hautegemei kucha peke yake. Unatafuta mambo matatu kwa pamoja: mikono au miguu ya baridi, rangi kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mpigo dhaifu wa kasi. Yakikutana yote matatu, mtoto huyo yuko kwenye shoku na hasubirishwi kwenye foleni. Ndiyo sababu ya hatua ya 4 na ya 9. Watu huziruka wakidhani mimi napenda kurefusha mambo.

Hilo la kutotegemea kucha peke yake nilijifunza kwa mtoto mmoja. Nilikuwa bado mgeni wodi ya watoto, asubuhi mapema, nikabonyeza gumba la mtoto wa miaka miwili nikapata sekunde 4 na ushee. Nikaenda mbio kumwita sista wa zamu. Akaja, hakugusa kidole. Akaweka kiganja kifuani kwa mtoto, akabonyeza juu ya kidari, rangi ikarudi kabla hajafika "elfu mbili." Akashika mpigo: umejaa, umetulia. Kisha akamuuliza mama, "Umemwogesha?" Mama akasema ndiyo, sasa hivi, kwa maji ya ndoo iliyolala nje usiku. Sista akaniambia nimvishe soksi, nimfunike kitenge, nirudi baada ya robo saa. Nilirudi nikapata 2. Tangu siku hiyo sibonyezi kidole kabla ya kuuliza kimetoka wapi.

Baridi ndiyo adui mkubwa wa kipimo hiki. Wenzangu wa Njombe na Makete wanajua asubuhi za Juni na Julai zilivyo: wodi nzima ina vidole vya barafu, wagonjwa na wauguzi. Mkono ukiwa wa baridi kwa sababu ya hewa, pasha joto kwanza au hamia kifuani.

Na kinyume chake: namba nzuri isikulaze. Kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza damu nyingi ndani ya tumbo, kucha zake zikaendelea kuwa sawa kwa muda kabla hajaporomoka ghafla. Wapo pia wagonjwa wenye maambukizi makali ambao ngozi yao ina joto na rangi inarudi upesi ajabu, kumbe wanaelekea kubaya. Mtu aliyechanganyikiwa, anayehema kasi, asiyepata mkojo, ni mgonjwa hata kama kucha zake zinang'ara.

Umepata zaidi ya 3 na dalili nyingine zipo. Fanya nini?

Mlaze chali mahali tambarare. Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Kama anatokwa damu, kandamiza kwa nguvu na usiachie kila dakika kuchungulia. Mfunike. Kama amelegea au hana fahamu, usimpe kitu mdomoni, hata kijiko cha maji. Kama ni kuhara na bado anaweza kumeza, endelea kumpa maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogo kidogo njiani. Safari ya kwenda kituo cha afya ianze sasa, si baada ya baba kurudi kutoka kazini.

Ukifika, maneno yako ya kwanza yawe namba: "Sekunde tano, miguu baridi."

Sasa niseme jambo linaloniuma. Ndugu wengi wakiambiwa mzunguko wa damu wa mtoto haujakaa sawa, wanachotaka ni dripu, tena ikimbie. Muuguzi akiiweka polepole, wanaona amezembea. Ukweli wake tuliupata hapa hapa kwetu. Utafiti uitwao FEAST, uliotangazwa mwaka 2011, ulifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, kwetu ikiwa Muheza mkoani Tanga. Uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Rangi ya kucha kuchukua sekunde 3 au zaidi ilikuwa mojawapo ya dalili hizo. Baadhi walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine hawakupewa hayo ya haraka. Baada ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka walifariki asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3.

Watoto wa kuhara, wenye utapiamlo mkali na walioungua au kuumia hawakuwemo kwenye utafiti huo, kwa hiyo usiuchukue ukamnyima maji mtoto aliyekaushwa na kuhara. Lakini kwa mtoto wa homa, kucha iliyochelewa peke yake si amri ya kufungulia dripu mpaka mwisho. Kama wewe ni mwanafunzi, usiguse lile gurudumu dogo la kwenye mpira wa dripu bila maelekezo. Kama wewe ni mzazi, muuguzi anayehesabu matone yuko kazini.

Wakubwa nao hawajaachwa. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliotoka mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa 424 katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya nchi 5 za Amerika Kusini. Kundi moja matibabu yao yaliongozwa na kipimo cha asidi ya lakteti kwenye damu, ambayo huongezeka damu isipofika vizuri mwilini. Kundi la pili yaliongozwa na kidole kilichobonyezwa kwa kioo cha hadubini kwa sekunde 10, kila baada ya nusu saa. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 43.4 kwenye kundi la lakteti na 34.9 kwenye kundi la kidole. Tofauti hiyo haikufikia kiwango ambacho wanatakwimu hukihesabu kuwa cha uhakika, kwa hiyo siisemi kama ushindi. Nayataja hayo kwa ajili ya mwanafunzi anayeona aibu kubonyeza vidole mbele ya mashine.

Kupima mguu au mkono uliofungwa

Hapa swali lako si mwili mzima, ni kiungo kimoja: je, damu inapita chini ya bandeji, banzi au P.O.P (plasta ngumu ya kushikilia mfupa uliovunjika)? Acha ncha za vidole nje kila unapofunga. Pima kabla ya kufunga, pima ukishamaliza, pima tena baada ya dakika 10, maana uvimbe unaendelea kukua chini ya kitambaa. Kila mara linganisha na upande mzima. Kushoto 2 na kulia 5, tatizo liko kwenye mguu wa kulia au kwenye fundo ulilolifunga. Legeza bandeji, usilegeze kwa kuionea huruma, legeza mpaka rangi irudi.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: kamba ya kuzuia damu iliyokazwa kwa sababu mtu alikuwa anavuja damu ya kumuua, usiilegeze ili kucha ziwe nyekundu. Andika saa iliyofungwa, mkimbize. Ya pili: misuli ikivimba ndani ya P.O.P inaweza kuanza kufa huku kucha zikiendelea kurudi rangi vizuri. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yanayopanda ukinyoosha kidole chake taratibu, pamoja na ganzi, yanatosha kumrudisha hospitali usiku huo huo. Asisubiri kidole kiwe cheusi.

Ikikushinda

*Ngozi ni nyeusi, sioni mabadiliko.* Usibonyeze ngozi ya mgongo wa mkono. Tumia kucha. Zikigoma, bonyeza nyama ya ncha ya kidole, kiganja au unyayo, ambako weusi ni mdogo. Mwanga wa mchana unasaidia kuliko kitu kingine chochote.

*Amepaka rangi ya kucha.* Futa kidole kimoja tu, inatosha. Kucha za bandia usizing'oe, hamia ncha ya kidole au dole la mguu.

*Ana hina au piko.* Hili la pwani linasumbua sana, hasa kwa bibi harusi na mzazi aliyetoka kujifungua akiwa amepambwa. Hina haifutiki, na mara nyingi imeshika kucha na ncha za vidole vyote, mikono na miguu. Tafuta sehemu ya kiganja isiyo na ua, au geuza mdomo wa chini ubonyeze upande wa ndani ukiwa na glavu. Namba ya mdomoni usiilinganishe na ya kidoleni ya mtu mwingine, iandike mahali ulipoipata. Hapo joto la miguu na mpigo vipewe uzito zaidi.

*Kucha zote zimepauka tangu mwanzo.* Huenda ana upungufu mkubwa wa damu. Rangi ya kurudi ni kidogo, kwa hiyo hesabu haitakuwa ya kuaminika. Angalia kiganja na ndani ya kope, na umpeleke akapimwe damu. Weupe huo peke yake ni sababu ya safari.

*Mtoto anavuta mkono.* Mwache anyonye, fanya mguuni. Dole gumba la mguu linapimika vizuri mtoto akiwa hana habari na wewe. Inua mguu kidogo ufikie usawa wa moyo.

*Nimefinya ngozi ya tumbo ikarudi haraka, si ndiyo hiyo hiyo?* Hapana. Kufinya ngozi ya tumbo na kuona kama inarudi polepole ni kipimo cha kuishiwa maji. Kubonyeza kucha ni kipimo cha damu kufika. Mtoto wa kuhara anahitaji vyote viwili, na kila kimoja kiandikwe kwa jina lake.

*Nina kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni.* Kizuri, lakini kinajibu swali jingine. Oksijeni inaweza kusoma 97 wakati damu inafika kwa shida. Kifaa kikikataa kusoma kwenye kidole cha baridi, usitupe lawama kwa betri kwanza. Bonyeza kucha.

*Mkono mmoja 2, mwingine 5, na hakuna kilichofungwa.* Rudia yote miwili ikiwa usawa mmoja na joto moja. Ikibaki hivyo, na mpigo wa upande huo ni dhaifu au haupo, mshipa mkubwa wa mkono huo unaweza kuwa umeziba au umeumia. Ni dharura, hasa baada ya kiwiko cha mtoto kuvunjika.

*Sijiamini.* Pima watu wenye afya nyumbani kwako kwa wiki moja: mtoto akitoka kuoga, babu akiamka, jirani akitoka juani, wewe mwenyewe baada ya kushika chupa ya maji ya friji. Andika kila namba pamoja na hali aliyokuwa nayo. Ukifikisha watu 20 utakuwa unaiona sekunde 2 kwa jicho kabla hujamaliza kuitamka, na siku utakapokutana na ile ya 5 utaishtukia kidole kikiwa bado mkononi mwako.